Moshi wa Alizeti

"Ling'oe," alisema Siafu. "Liache kama lilivyokutwa."

Profesa alimtazama kama mtu aliyeambiwa afukue kaburi. Akachukua spana, akalegeza klampu, na bomba la moshi likaachana na injini, likabaki linaning'inia kwenye waya wake kama mkono uliovunjika.

"Afande, moshi huu umeshaua mtu," alisema. "Unataka kuona nini zaidi?"

"Nataka kuuona ukiua."

Koplo, aliyekuwa amejipatia kiti karibu na mlango, alikinyanyua kiti chake taratibu akakihamishia nje.

Siafu hakuwa amekaa tangu waingie. Jina hilo alibandikwa na wenzake kituoni, kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta mwanamke huyo mpelelezi ametulia mahali. Ukimpa kiti, anaweka mkoba. Asubuhi hiyo alizunguka karakana kama kuku anayetafuta pa kutagia: akachungulia chini ya injini, akagonga kioo kinachotenganisha chumba cha injini na chumba cha vipimo, akaufungua na kuufunga mlango wa kati hadi Profesa akaanza kuuonea huruma.

Alikuwa na sababu ya kutotulia. Jumamosi mchana, Mhandisi, msaidizi wa Profesa, alikutwa amekufa kitini ndani ya chumba cha vipimo. Alikuwa akipima dizeli iliyochanganywa na mafuta ya alizeti. Injini ilikuwa bado inanguruma, mlango wa kati uko wazi, bomba la moshi limechomolewa. Chini yake palikuwa na spana yenye utepe mwekundu mpinini, na utepe mwekundu ni alama ya Fundi Nozeli, ambaye siku iliyotangulia alitoleana maneno na Mhandisi mbele ya karakana nzima. Mkuu wa kituo hakuhitaji zaidi ya hapo. Nozeli alikuwa mahabusu, na kesho asubuhi angepandishwa kizimbani kwa kosa la kuua.

"Washa," alisema Siafu.

Profesa alikiweka kipima gesi juu ya kiti alichokuwa amekalia marehemu, akafunga mlango wa nje, akabonyeza kitufe. Injini ilikohoa, ikatetemesha sakafu, kisha ikashika mwendo wake. Harufu iliyotanda haikuwa ya karakana. Ilikuwa ya jikoni, ya kikaango kilichosahaulika mekoni.

"Ndiyo alizeti hiyo?" Siafu alipaza sauti.

"Ndiyo. Katika kila lita mia, ishirini ni alizeti, zilizobaki ni dizeli ya kawaida. Nguvu inapungua kidogo, injini inakunywa zaidi kidogo. Lakini moshi mweusi unapungua sana, maana mafuta ya mimea yana oksijeni yake mwenyewe, yanaungua vizuri zaidi."

"Na ile sumu iliyomuua?"

"Kaboni monoksaidi. Hiyo nayo hupun..."

Profesa aligeuka kukitazama kipima gesi juu ya kiti.

"Malizia," alisema Siafu.

"Hupungua," Profesa alisema polepole. "Hata dizeli tupu haitoi nyingi. Na alizeti inaipunguza zaidi."

Wakasubiri. Namba kwenye kipima gesi ilipanda, ikasitasita, ikapanda tena kwa unyonge, kama mzee anayepanda ngazi. Macho ya Siafu yakaanza kuwasha. Koo likamkwaruza. Akajikaza, akapigapiga miguu chini, akakohoa, akajifuta machozi kwa mkono wa koti. Namba ilikuwa bado inajikokota.

"Hizo zinazokuwasha ni gesi za naitrojeni," alisema Profesa, naye akikohoa. "Hizo ndizo zinazoongezeka kidogo tukitia alizeti. Mtu hawezi kukaa humu akasinzia. Angekohoa, angetoka nje, angetukana."

"Na kama angeng'ang'ania, kama mimi?"

"Angeshinda humu mchana kutwa, atoke na kichwa kinachogonga. Damu yake isingejaa sumu vile daktari alivyosema."

Wakatoka. Nje, Koplo aliwapokea kwa chupa ya maji.

"Profesa, kwa nini hukuyasema haya tangu juzi?" Siafu aliuliza.

"Nilikuwa safarini. Nikapigiwa simu kwamba moshi umemuua, nikalia." Alivua miwani, akaipangusa kwa shati lililochafuka masizi, akaichafua zaidi. "Yule alikuwa mwanafunzi wangu kabla ya kuwa msaidizi wangu. Sikukaa kukokotoa."

Siafu alikwisha kupiga simu. Daktari alijibu akiwa na kitu mdomoni.

"Puani mwa marehemu ulikuta nini?"

"Hakuna kitu. Safi."

"Masizi?"

"Hata chembe. Si puani, si kooni. Macho nayo hayakuvimba."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza, Afande."

Akakata simu. Koplo alijikuna kidevu. "Lakini Afande, wahenga walisema penye moshi pana moto."

"Hapa kuna mioshi miwili, Koplo. Mmoja tumeuona, hauui. Tuutafute wa pili. Endesha gari."

*

Fundi Nozeli aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiburuta viatu visivyo na kamba. Alikuwa mtu wa mikono mipana na maneno machache, na siku mbili za mahabusu zilikuwa zimeyapunguza hata hayo machache.

"Nimeshasema," alisema kabla hajaketi. "Niligombana naye. Sikumuua."

"Mligombea nini?"

"Alitaka kupandisha alizeti hadi nusu kwa nusu. Nikamwambia nozeli za kupulizia mafuta zitaziba. Yale mafuta ni mazito, yanaacha ukoko. Akaniambia kama naogopa ukoko nikaoshe vyombo." Alitazama ukutani. "Watu walicheka. Na mimi nilicheka, baada ya hasira kupoa. Lakini hilo hakuna aliyeliona."

Siafu alizunguka meza. "Nikuulize kitu. Kama ungetaka kumuua mtu kwa moshi, ungetumia injini gani?"

Nozeli alimwangalia, akamwangalia Koplo, akaurudia uso wa Siafu. "Huo ni mtego."

"Ni swali. Jibu."

"Ya petroli," alisema hatimaye. "Fundi gani asiyejua? Ile ya dizeli ingemfukuza tu mtu." Kisha akasikia alichokisema, na mabega yake yakashuka.

Koplo alimvuta Siafu pembeni. "Afande, huyu amejifunga kamba shingoni kwa mkono wake. Anajua namna ya kuua."

"Ndiyo maana si yeye."

"Sijaelewa."

"Aliyeng'oa lile bomba alitaka tuamini kwamba moshi wa ile injini ndio ulioua. Mtu anayejua kwamba hauui hawezi kutuwekea ushahidi wa namna hiyo. Bomba liling'olewa na mtu asiyejua. Kwake yeye moshi ni moshi." Akarudi mezani. "Fundi, Jumamosi uliondoka saa ngapi?"

"Mapema. Umeme ulikatika mtaa mzima na mvua ikaanza kunyesha. Nilikuwa nachomelea, sasa nichomelee kwa mdomo? Nikaacha vifaa mezani nikaenda nyumbani."

"Na spana?"

"Hapo hapo mezani."

Siafu alisimama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo miguu yake ilitulia. "Umeme ulikatika. Vipimo vya Mhandisi vilikuwa vinatumia nini?"

"Jenereta."

"Ya?"

Nozeli aliegemea meza. "Ya petroli," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini inakaa kibandani, nyuma kabisa. Moshi wake haufiki kokote."

"Nani huiwasha?"

"Mlinzi. Ndiyo kazi yake umeme ukikatika."

Siafu alikwisha kufika mlangoni. Koplo alimfuata, akarudi kuchukua kofia, akamfuata tena.

*

Nyuma ya karakana palikuwa na uwanja wa udongo uliokauka baada ya mvua. Jenereta ilikuwa kibandani mwake, imefunikwa turubai, na juu yake bati moja la paa halikuwepo. Upepo ulikuwa umelibeba na kulitupa uani kwa jirani.

Siafu hakuishughulikia jenereta. Alitembea ameinama. Kutoka kibandani hadi kwenye ukuta wa karakana udongo ulikuwa umeshika michirizi miwili ya magurudumu, na kando yake michirizi mingine miwili ya kurudi, mizito zaidi, iliyopindapinda kama ya mtu anayesukuma huku haoni mbele. Michirizi iliishia chini ya upenu, pasipofika mvua. Hapo ukutani palikuwa na doa jeusi, na juu ya doa palikuwa na tundu lenye wavu.

Profesa aliligusa doa, akanusa kidole. Hakuhitaji kuulizwa.

"Hilo tundu lina feni," alisema. "Linavuta hewa safi na kuiingiza chumba cha vipimo. Ile injini ina kelele, milango tunaifunga, kwa hiyo hewa yote ya mle ndani inapita hapa."

"Mhandisi asingesikia jenereta ukutani?"

"Asingesikia hata ngoma. Wala harufu. Pua yake ilishazoea moshi wa kila aina."

"Isukumeni hapa," alisema Siafu.

Wakaisukuma jenereta hadi upenuni, wakaiwasha, wakawasha feni. Profesa aliingia na kipima gesi, mlango akauacha wazi nyuma yake. Haukupita muda, alitoka mbio akiwa amekishikilia mbali na mwili wake kama chungu cha moto. Namba iliyokuwa ikijikokota asubuhi ilikuwa imeruka kama panzi.

"Zima," alisema. "Zima tafadhali."

Kimya kiliporudi, alikaa chini kwenye udongo bila kujali suruali yake. "Mtu aliitoa kwenye mvua," alisema. "Basi. Aliitoa tu kwenye mvua."

"Kisha akairudisha," alisema Siafu, "akachukua spana mezani. Mlinzi wenu yuko wapi?"

"Msibani. Tangu Jumamosi hajaonekana kazini, na nani angemdai?" Profesa aliinua uso. "Marehemu alikuwa shemeji yake, Afande. Alimwoa mdogo wake. Hata kazi hii ni Mhandisi aliyemtafutia."

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa na viti vya kukodi uani, vingi vikiwa vitupu saa hiyo. Mlinzi alikuwa peke yake karibu na tangi la maji, mtu mzima mwenye mvi za mapema, koti limefungwa hadi shingoni ingawa jua lilikuwa kali. Siafu alipompa mkono, alimpa wa kushoto.

"Samahani, Afande. Huu mwingine unauma."

"Pole. Umefanya nini?"

"Kazi tu," alisema, na mkono wa kulia ukazidi kuzama mfukoni.

Mjane alitoka ndani akijifunga kanga upya. Macho yake yalikuwa makavu, ya mtu aliyekwisha kulia akiba yote. "Dada, mmekuja kuniambia lini yule fundi atahukumiwa?"

"Nimekuja kukuuliza juu ya nguo za marehemu. Zile alizokufa nazo."

"Ziko ndani, kwenye mfuko wa hospitali." Alikaa. "Ajabu yake, unajua, mume wangu kila siku alirudi nyumbani ananuka kikaango. Watoto walikuwa wanampokea mlangoni wanamuuliza chipsi ziko wapi. Nilikuwa namfukuza akaoge kwanza. Sasa juzi nikazifungua zile nguo nipate walau harufu yake." Aliivuta kanga mabegani. "Hazinuki kikaango hata kidogo. Zinanuka pikipiki. Nilimwambia kaka. Akasema nizifue."

Siafu alimgeukia mlinzi na kumngoja. Koplo, ambaye safari hii alikuwa amesimama, alisogea nusu hatua.

"Kwa nini ulimwambia azifue?" Siafu aliuliza.

"Zingemtia uchungu."

"Hebu nione huo mkono."

Mlinzi aliutoa mfukoni taratibu. Ulikuwa umefungwa kitambaa, na kilipofunguliwa, kiganja kizima kilikuwa na lengelenge lililopasuka, limekaa sawasawa na mzingo wa bomba.

"Bomba la moshi linakaa na moto muda mrefu," alisema Siafu. "Mafundi wanavaa glavu."

Mlinzi alimtazama mdogo wake. Alipoanza kusema, alisema naye, si na polisi.

"Mvua ilikuwa inaingia kibandani, mdogo wangu. Nikasema jenereta ikilowa itazimika, kazi ya shemeji itaharibika. Nikaisogeza upenuni. Ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa namsaidia." Akautazama mkono wake. "Baadaye nikampelekea chai. Nikagonga, kimya. Nikafungua, nikamkuta amelala juu ya meza, mashavu mekundu kama mtu aliyetoka kucheka. Nikamwita. Nikamtikisa."

"Ukajua ni jenereta," alisema Siafu.

"Nilipofungua mlango niliisikia harufu yake mle ndani. Nikajua." Machozi yalikuwa yanamtiririka lakini sauti haikutetemeka. "Nikairudisha. Nikafikiri, bomba likionekana limechomoka na mlango wa kati uko wazi, watasema ni ajali ya mashine, hakuna mwenye kosa. Spana ilikuwa mezani. Sikuutazama utepe. Wallahi sikutazama."

"Walipokuuliza spana ni ya nani?"

"Nilisema ni ya Nozeli. Ni ya Nozeli kweli."

"Na walipomchukua Nozeli?"

Mlinzi alikigeuzageuza kitambaa chake. Koplo alikohoa, akatazama pembeni.

Mjane alikuwa hajasogea. Vidole vyake vilikuwa vimeshika ncha ya kanga, vinaizungusha, vinaizungusha. "Siku ile ulinishika bega," alisema. "Nilipoanguka pale mlangoni, ni wewe uliyenishika."

"Ni mimi."

"Ungeniambia pale pale, kaka, tungelia pamoja. Mvua sikuileta mimi wala wewe. Ningekulaumu, ningekupiga, halafu tungelia pamoja. Sasa mwenzangu nitalia na nani?"

Mlinzi aliinamisha kichwa. Kisha akainuka mwenyewe, akajifunga kitambaa mkononi kwa meno, akaenda kusimama kando ya gari la polisi kama mtu anayesubiri usafiri.

"Kuua si kosa lake," Siafu alimwambia mjane. "Hakukusudia, na hilo nitalisema mbele ya hakimu. Lakini kuficha ni kosa lake. Mtu amelala mahabusu kwa ajili yake."

"Nipeleke nikamwone huyo mtu."

"Si lazima leo, dada."

"Jana nilimpigia simu mkewe," alisema mjane. "Sikukwambia. Nilimwambia wanawe wakue bila baba kama wangu. Alikuwa analia upande wa pili, na mimi nikawa naendelea tu." Alikuwa tayari ameshavaa viatu. "Twende."

*

Mkuu wa kituo alisikiliza habari yote akiwa amesimama, kwa sababu Siafu hakumpa nafasi ya kukaa. Alinung'unika, akauliza maswali ambayo Profesa aliyajibu kwa simu, akanung'unika tena, kisha akatoa amri. Mlinzi akaingizwa kwa mlango mmoja, Nozeli akatolewa kwa mlango mwingine. Siafu alihakikisha hawapishani.

Mjane alikuwa anangoja nje ya geti. Nozeli alipomwona, alisimama ghafla, mikono yake mipana ikakosa pa kukaa.

"Wamenieleza," alisema. "Pole, mama. Alikuwa mtu mzuri, hata alipokuwa ananitania."

"Mkeo yuko wapi?"

"Nyumbani, nadhani. Hajui kama nimetoka."

"Nina maneno nilimwambia jana. Maji yakimwagika hayazoleki, najua. Lakini nitakwenda kuyafuta, hata kama ni kwa kitambaa." Alimwangalia usoni. "Ukikataa nisiingie kwako, nitaelewa."

Nozeli alifikiri. Barabarani watu walikuwa wanapita na shughuli zao, na mwendesha mkokoteni aliwapigia kelele wampishe. Wakampisha.

"Nyumba yangu ina ngazi mbovu," alisema fundi. "Utanifuata nyuma, ukanyage ninapokanyaga."

Wakaondoka kwa miguu, yeye mbele na viatu vyake visivyo na kamba, mjane nyuma yake. Siafu aliwatazama mpaka walipopinda kona, kisha akarudi ndani, kwa sababu mlinzi alikuwa ameomba aandikiwe maelezo yake na yeye, si na mtu mwingine.